Pezi la Papa

Mwenzangu mmoja ofisini alilelewa Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Ijumaa moja nilikuwa nafunga mafaili haraka haraka, akaniuliza nakimbilia wapi. Nikamjibu, "Naenda ziwani kujaribu pezi la papa." Akaweka mhuri chini. Akataka kujua tangu lini Kivu ina papa, na kama serikali ina habari. Nilicheka mpaka nikashika meza. Kwake papa ni yule samaki mkali wa baharini. Kwetu tuliokulia Goma kabla ya kuvuka kurudi Gisenyi, papa ni baba mzazi, na lile pezi alikuwa amelichonga baba yangu kwa siku mbili huku akinisema.

Lakini nimerukia mbele. Kwanza kulikuwa na friji.

Nyumba moja ya wageni kando ya ziwa ilikuwa inafungwa na kuuza vitu vyake, nami nikaenda kutazama friji. Nyuma ya jikoni niliona ubao umeegemezwa ukutani, mrefu kuliko mlango, mweupe uliogeuka njano kidogo, wa aina ile ambayo watu wa baharini husimama juu yake wakabebwa na mawimbi. Kivu haina mawimbi ya namna hiyo, najua, lakini nilishawaona vijana wa hoteli wakisimama juu ya mbao kama ule na kupiga kafi taratibu, na kila mara nilijiambia kwamba siku moja nitakuwa mimi. Nina miaka arobaini na mitatu, ni karani, na sijawahi kutamani kitu kama nilivyoutamani ubao ule. Friji aliichukua mtu mwingine. Maziwa yangu yanachacha mpaka leo, na sijuti.

Papa aliponiona naingia uani na ule mzigo, mwenye mkokoteni akisukuma kwa nyuma, alitoka chumbani kwake na fimbo.

"Hii ni mulango ya kanisa gani?" akauliza.

Papa alikuwa mvuvi wa sambaza, wale dagaa wa Kivu, na si mvuvi hivi hivi. Alikuwa mtu wa nyuma. Mitumbwi yetu ya Kivu hufungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, na yule anayekaa nyuma ndiye anayeshika kafi kubwa na kuamua wapi pa kwenda. Wengine wanapiga makafi yao na kuimba. Magoti ndiyo yaliyomtoa majini, na tangu hapo alikuwa anaishi kwangu. Sasa kaka yangu mkubwa wa Kigali alikuwa amepanga kuja kumchukua Jumatatu, wiki mbili baadaye, akakae naye moja kwa moja, karibu na daktari wa mifupa. Sote tulikubali. Papa naye alikubali, kwa kutikisa kichwa tu, kisha akaomba kitu kimoja. Kabla ya kuondoka alitaka kuosha magoti kwenye amashyuza, yale maji ya moto yanayochemka kando ya ziwa kule Nyamyumba. Na alitaka kufika kule kwa maji, kama zamani.

"Kwa pikipiki ni karibu, Papa."

"Mi siende kule juu ya pikipiki sawa gunia ya viazi ya Bugeshi."

"Basi tukodi boti ya mashini."

"Ile ni bisi ya abiria. Iko tu juu ya maji."

Mitumbwi ya wenzake ilikuwa imevutwa mchangani, maana ziwa lilikuwa limefungwa, ule muda wa kila mwaka ambapo sambaza huachwa wazaane. Nikautazama ubao wangu. Nikamtazama Papa, aliyekonda siku hizi kama ufito. Na mdomo wangu huu, usiojua kungoja, ukasema, "Mimi nitakupeleka."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimejifunga. Akikosa safari ile angeondoka kwenda Kigali bila kuligusa tena ziwa, na ningebaki na kosa hilo maisha yangu yote.

Jumamosi nilimkalisha Papa kwenye kiti cha plastiki mchangani, nikaingia majini. Wavuvi walikuwa pale wakishona nyavu, watu wazima wasio na kazi nyingine kwa wiki kadhaa isipokuwa kushona na kucheka. Nilipiga magoti juu ya ubao, nikapiga kafi upande wa kulia. Ubao ukageuka kushoto. Nikapiga kushoto, ukageuka kulia, ukaendelea kugeuka, nikawa natazama Goma, kisha hoteli, kisha watu wangu mchangani, kisha Goma tena.

"Mama, umepoteza pete?" mmoja akapiga kelele.

"Mumuache, iko napika chapati!"

Nilitoka majini nimefura kama maandazi. Ningekuwa na nguvu ningeuvunja ubao ule kwa mikono. Papa alinyoosha fimbo yake na kuugusa ubao kwenye kitako.

"Mukia yake iko wapi?"

"Mkia gani?"

"Kila kitu ya maji iko na mukia. Samaki iko na mukia. Mutumbwi ilikuwa na mi nyuma. Hii yako iko na nini?"

Hapa lazima nikiri ujinga wangu, na nitaukiri haraka. Ubao ulikuja na kimfuko cha kitambaa chenye mapezi matatu ya plastiki, moja dogo kama kiganja, moja la kati, na moja refu kama mkono kutoka kwenye kiwiko, pamoja na karatasi ya kiwanda iliyoandikwa Kifaransa. Karatasi iliyaita dérive. Basi kule Goma shuleni, mwalimu wetu wa Kifaransa akimwona mtoto amezubaa dirishani, alikuwa akifoka kwamba yuko à la dérive, yaani anachukuliwa na maji hovyo, kama mtumbwi uliokatika kamba. Neno lile lilinikaa kichwani. Niliposoma kwamba vile vipande ni dérive, nikaelewa papo hapo, kwa akili yangu yote ya mtu aliyesoma, kwamba ni vya watu wanaotaka kuelea hovyo na kuota jua. Mimi nilitaka kwenda mahali. Nikaviacha nyumbani kwenye droo.

Papa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawageukia wavuvi. "Mukuje! Mukuje musikie Kifaransa ya binti yangu!"

Wakaja. Ikabidi niseme tena.

"Siro ya kikohozi," Papa akaniambia walipomaliza kupigapiga mapaja, "unakunywa ju ya kukohoa?"

Jumapili baada ya misa nilirudi na kile kimfuko. Chini ya kitako cha ubao palikuwa na mfereji mwembamba wa urefu wa shibiri moja. Pezi huingizwa humo, likasogezwa mbele au nyuma, kisha likabanwa kwa skrubu moja na kibati kidogo cha mraba. Nilianza na dogo. Jamani! Ubao ulikwenda. Ulipepesuka kidogo kama mtu aliyetoka harusini, lakini ulikwenda mbele, nilikotaka mimi, na nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya ziwa hadi kuku wa hotelini wakanyamaza.

Shida ilikuwa uzito. Mimi peke yangu ni jambo moja, na mimi na Papa ni jambo lingine, na sikuwa tayari kumjaribia mzee wangu majini. Kwa hiyo jioni ya Jumatatu, nikitoka kazini, nilipakia gunia la viazi katikati ya ubao na kulifunga kwa kamba.

"Njo mi ule?" Papa akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Ni wewe, Papa."

"Mi nanona kabisa."

Kwa pezi dogo, mimi na gunia tulikwenda upande kama kaa. Kwa lile la kati ilikuwa nafuu, lakini upepo mdogo tu wa kutoka milimani ulitosha kutusukuma kuelekea mpakani, na sikuwa na paspoti wala viazi havikuwa nayo. Jumatano nikafunga lile refu, nikalisukuma mpaka mwisho wa mfereji, nyuma kabisa. Ajabu! Tulinyooka kama tumevutwa na uzi. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikutazama ninakokwenda, na nilipotaka kugeuka, ubao ulikataa. Nikapiga kafi, nikapiga tena. Ulinyooka tu kuelekea kwenye makoro, yale mawe meusi ya volkano yaliyojaa kandokando ya ziwa letu, na ukanyooka mpaka nikasikia ka! chini yangu. Pezi lilikuwa limevunjika katikati.

Nililia. Si kwa maumivu, niliumia kidole tu. Nililia kwa hasira, maana zilibaki siku tano kabla ya kaka kufika, na Papa alikuwa ameanza kukunja nguo zake. Niliketi mchangani nimeshika kile kipande, nikamwambia Papa kwamba pezi kubwa ndilo lililokuwa letu na nimeliua.

Akakichukua, akakigeuza geuza. "Hii haikuwa kubwa. Ilikuwa murefu. Murefu na kubwa, si kitu moja." Akachora mchangani kwa fimbo: kitu kifupi, kipana kwa chini, kilicholala nyuma. "Njo hivi. Fupi, isiguse mawe. Pana, ikatae maji ya pembeni. Ilale, majani isishike pale."

"Tutalipata wapi?"

"Nyumbani. Juu ya kitanda yangu."

Juu ya kitanda chake lilikuwa limetundikwa kafi lake la zamani, lile la mtu wa nyuma, mti mgumu mweusi kwa mafuta ya mikono yake. Nilikataa. Nilimwambia siwezi kuruhusu, nilimwambia tutatafuta fundi, nilimwambia maneno mengi. Akaniacha nimalize.

"Mama," akasema, maana hivyo ndivyo wazee wa Goma wanavyowaita binti zao wakitaka kuwashinda, "Kigali nitaipiga wapi? Juu ya sementi?"

Nilienda kusimama nyuma ya nguo zilizoanikwa kwa muda kidogo. Niliporudi alikuwa ameshaanza na msumeno.

Alimaliza kukata ule ubapa wa kafi Alhamisi asubuhi, akauchonga kwa kisu changu cha jikoni, ambacho hakijapona tangu siku hiyo. Kwa mfano wa mguu wa lile pezi lililovunjika alitengeneza ulimi wa kuingia kwenye mfereji. Ukawa mnene. Akasugua kwa msasa, akajaribu, ukawa bado mnene, akasugua. Tundu la skrubu alilichoma kwa msumari uliowekwa kwenye jiko la makaa. Kila nilipochungulia aliniambia niende kazini. Kila nilipokuwa kazini alipiga simu kuniuliza msasa mwingine uko wapi. Ijumaa mchana likaingia kwenye mfereji na kutulia, bila kutikisika. Ndipo nikafunga mafaili yangu na mwenzangu akauliza habari za papa.

Jioni ile sitaisahau. Wavuvi waliacha nyavu wakasogea. Kwanza tulilibana nyuma kabisa: mimi na gunia tukanyooka vizuri, lakini kugeuka kulihitaji ziwa zima. Tukalisogeza mbele kabisa: ubao ukawa mwepesi wa kugeuka mno, ukipiga chafya umegeuka. Papa akaanza kupima kwa vidole kutoka mwisho wa mfereji. Vidole vinne. Nikaenda, nikarudi. "Bado unayumba nyuma," nikamwambia. Vidole vitatu. Skrubu ikaanguka mchangani na sote, watu wazima saba, tukapiga magoti kuitafuta kama wanaosali rozari. Vidole viwili. Nikaenda mpaka kwenye boya la njano, nikalizunguka, nikarudi nikiwa nimeielekeza pua ya ubao kwenye kiti cha plastiki cha Papa, na pua haikutoka pale. Nilikuwa napiga kelele njia nzima. Yule wa chapati alipiga makofi.

Viazi tulivipika jioni ile ile, tukawalisha wote.

Jumapili hatukwenda misa. Papa alisema Mungu iko na huku, akafanya ishara ya msalaba kwa maji ya ziwa, akavaa jaketi lake la kuelea akilalamika kwamba linamfanya aonekane kama mtalii. Wavuvi wawili walimbeba na kumkalisha mahali pa gunia, katikati, juu ya koti lililokunjwa, miguu imenyooshwa mbele. Nilikuwa nimejifunza kwamba mzigo ukikaa mbele sana kitako kinanyanyuka na pezi linatoka majini, basi nikamrudisha nyuma kiganja kimoja. Nami nikapiga magoti nyuma yake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, mtu wa nyuma alikuwa mimi.

Asubuhi Kivu hulala kama maji ya beseni. Tulikwenda kandokando ya mawe, chini ya mlima, mbali na makoro kiasi cha mitumbwi miwili, mpaka tukaiacha miti ya hoteli. Kisha Papa akaanza kupiga ubao kwa kiganja, polepole, ule mpigo wa wapiga makafi. Akaimba. Sauti yake imekwisha, inakwaruza, lakini mpigo ulikuwa palepale, na mikono yangu ikaufuata bila kuniuliza.

Karibu na Rubona boti ya mizigo ilipita na kutuachia mawimbi ya ubavuni. La kwanza lilitupandisha. Kwa lile pezi la kati tungekuwa tumegeuzwa mgongo, najua, nilishageuzwa nikiwa na gunia. Nilisikia kwa magoti yangu, kupitia ubao, jinsi kile kipande cha mti kilivyokaza chini yetu na kukataa. La pili likaja, la tatu. Pua ilibaki inatazama mbele.

"Iko nashika!" Papa akapiga kelele. "Unasikia? Iko nashika!"

"Nasikia, Papa!"

"Lete kafi."

"Papa…"

"Lete."

Nikampa juu ya bega lake. Aliketi vilevile, miguu mbele, akaanza kupiga, kulia mara mbili, kushoto mara mbili, bila haraka, na ubao ukatii kuliko ulivyowahi kunitii mimi. Nilikaa nyuma yake mikono mitupu, nikilia na kucheka kwa pamoja, nikitazama mgongo wake ukikaza na kulegea ndani ya lile jaketi la mtalii. Alituingiza mwenyewe Nyamyumba. Watu waliokuwa wameloweka miguu kwenye maji ya moto walisimama kututazama, na yeye akawaamkia mmoja mmoja, kama mtu aliyechelewa kidogo tu. Magoti yake yalikaa kwenye maji ya moto mpaka yakawa mekundu. Tukala mayai yaliyochemshwa mumo humo. Kurudi alikubali kupanda gari, mbele, na ubao ukafungwa juu. Pikipiki bado alizikataa.

Jumatatu kaka alifika. Papa alikuwa amefunga mfuko wake mwenyewe na hakutaka mtu aubebe. Aliniaga haraka, kama wanavyoaga wavuvi, nami nikajifanya nina kazi nyingi uani.

Nilistahimili mpaka Jumamosi. Kisha nikauchukua ubao kutoka barazani, nikaenda ziwani peke yangu kumkumbuka. Nikapiga kafi kulia. Ubao ukageuka kushoto. Nikatazama Goma, kisha hoteli, kisha wavuvi, kisha Goma.

"Chapati!" wakapiga kelele kwa furaha.

Nilirudi ufukweni, nikaupindua ubao. Mfereji ulikuwa mtupu. Hata skrubu haikuwapo. Nikampigia simu miguu ikiwa bado ndani ya maji.

"Papa, pezi iko wapi?"

"Pezi gani?"

"Papa!"

Nikasikia televisheni ya kaka ikizungumza, na mlango ukifungwa. Aliporudi kwenye simu alikuwa ameshusha sauti.

"Iko hapa, chini ya muto. Ile ni kafi yangu, haiko yako."

"Naona aibu huku, Papa. Nazunguka tu."

"Njo muzuri. Uzunguke pale karibu, usiende mbali." Akakohoa. "Donc, unakuya kunichukua siku gani?"

Nilifuta mkono kwenye nguo, nikatazama kalenda kwenye simu, nikamtajia Ijumaa.

"Sawa," akasema. "Mi niko tayari. Mufuko sijafungua."